Vitabu vya hadithi za kemia kwa mwaka wa kwanza

Je, vitabu vinavyoeleza kemia kwa hadithi vinatosha kwa kozi ya kemia ya mwaka wa kwanza? Hapana, havitoshi peke yake. Viende sambamba na kitabu cha kiada. Nafundisha kozi hiyo, na hesabu za moli (kipimo cha idadi ya chembe) au kusawazisha milinganyo ya kikemia hazishikwi bila mazoezi, ambayo vitabu hivi havina. Nguvu ya vitabu hivi ni kuzua maswali. Chukua kitabu cha Napoleon's Buttons (2003), yaani "Vifungo vya Napoleon": metali ya bati, ikiwa safi, ikikaa chini ya nyuzijoto 13 hivi za Selisiasi huweza kugeuka polepole kuwa unga wa kijivu. Je, vifungo vya bati vya sare za jeshi la Napoleon, mtawala wa Ufaransa, vingesagika hivyo kule Urusi mwaka 1812? Waandishi wenyewe wanakitilia shaka kisa hicho, kwa hiyo usikifundishe kama historia. Wape wanafunzi wakichambue: baridi kiasi gani, kwa muda gani, bati safi kiasi gani.