Maua ya kudumu kwa kiwanja chenye jua na mawe, Mwanza

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba kiwanja chako kipo mlimani Bugando, juani kutwa, penye udongo mwembamba wa kichanga kati ya mawe, nawe unataka maua ya kudumu yatakayovuta nyuki na vipepeo bila kupandwa upya kila msimu.

Ningeanza na pentasi, mmea wa asili wa Afrika Mashariki ambao, ukikatwa vichwa vilivyonyauka, huchanua karibu mwaka mzima. Kando yake panda kivumbasi, ambacho nyuki hukipenda mno, pamoja na mshubiri, unaostahimili ukame na kuwalisha ndege aina ya chozi. Lantana, kichaka cha maua madogo ya rangi mchanganyiko, nisingeipanda ijapokuwa inachanua sana, maana ndege husambaza mbegu zake hadi malishoni, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe.

Subiri mvua za vuli zishike, Oktoba au Novemba, ili mizizi iwe imeshuka kabla ya kiangazi cha Juni hadi Septemba. Changanya samadi iliyooza, tandaza nyasi kavu, na upande kila aina kwa kundi, kwa sababu nyuki katika safari moja hupendelea ua la aina moja. Acha pia kipande cha ardhi tupu, kwani nyuki wengi wa porini hutaga ardhini. Mmea uliochanua usiupulizie dawa ya wadudu. Vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, waondoe kwa maji ya sabuni, jioni, nyuki wakiwa wamekwisha kurudi.