Maziwa hayachachi, lakini mteremko usubiri

SWALI

Yaya, dada yangu mkubwa, nakusalimia. Nina miaka 29, naishi Kadutu, hapa Bukavu. Mtoto wangu wa kwanza, msichana, ametimiza miezi minne na nusu. Nilimzaa kwa njia ya kawaida, nikashonwa kidogo. Kabla ya mimba nilikimbia mara nne kwa wiki, na kilomita 21 nilizimaliza kwa saa 1 na dakika 52. Wenzangu wa kikundi wanajiandaa kwa mbio za kilomita 21 kule Kigali, imebaki miezi mitatu, nami nimeshawaahidi. Nilianza tena wiki mbili zilizopita. Kupanda naweza, pumzi tu ndiyo fupi. Lakini nikishuka kuelekea Nyawera mkojo unanitoka kidogo kidogo, na nikifika nyumbani nasikia uzito huko chini. Sijamwambia mtu, hata bwana yangu. Mama mkwe naye anasema mama anayenyonyesha akikimbia maziwa yanachacha, mtoto ataharisha. Niendelee taratibu mpaka mwili uzoee, ama niache kabisa?

Mama wa Kadutu

JIBU

Mdogo wangu, hongera kwa binti, na asante kwa kuniandikia jambo ambalo hukumwambia mtu.

Mkojo na uzito huo, mwili hauzoei kwa kuendelea kukimbia. Pumzisha mbio kuanzia leo. Kutembea usiache.

Nakuambia hivi kwa sababu yalinipata. Baada ya mtoto wangu wa pili nilikwenda kupimwa wiki ya sita. Aliyenipima akaangalia mshono, akasema nimepona, nirudi kazini. Hakuniuliza habari ya mkojo, nami sikusema. Wiki iliyofuata nikavaa viatu, nikashuka na kupanda kama zamani. Siku ya nne damu ikarudi, nyekundu kabisa, na nikawa nasikia kama kuna kitu kinataka kutoka. Niliogopa kuketi. Ilinichukua karibu mwaka kurudi pale ambapo ningefika kwa miezi michache kama ningesubiri.

Misuli inayobeba kibofu, kizazi na utumbo, ile ambayo wakunga wetu wanaiita perine, ichukulie kama kitenge ulichombebea mtoto mgongoni. Umetembea nacho miezi tisa, mzigo ukiongezeka kila siku, halafu siku ya kuzaa kimevutwa mpaka mwisho. Kimelegea. Ukiona kitenge kimelegea mgongoni unasimama, unakifunga upya, ndipo unaendelea na safari. Sasa, unapokimbia, kila mguu unaogusa chini unapokea mara mbili hadi tatu ya uzito wako, na kwenye mteremko kishindo kinazidi. Ndiyo maana Kadutu inakuruhusu kupanda na inakukatalia kushuka.

Kukifunga upya kunafanyika hivi. Kaza kama mtu anayezuia hewa isimtoke mbele za watu, kisha vuta kwenda mbele na juu kama anayezuia mkojo. Matako na mapaja yasikaze, pumzi isikatike. Shikilia ukihesabu mpaka 10. Kama nguvu zinaishia kwenye 3, anza na 3. Halafu legeza kabisa, maana msuli usiojua kulegea nao ni dhaifu. Rudia mara 10, kisha kaza na kuachia haraka haraka mara nyingine 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Mimi nilikuwa nafanya kila ninaponyonyesha, nikiwa nimeketi, bila mtu kujua. Usijaribie chooni ukiwa unakojoa, kibofu kitashindwa kujimaliza vizuri. Utaanza kuona tofauti baada ya wiki kadhaa, lakini endelea miezi mitatu kamili.

Kwa sababu ya ule uzito, naomba uonwe na daktari wa wanawake au kine, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anayejua mambo ya perine. Usione haya. Hospitali ya Panzi iko hapahapa mjini tangu 1999, na Daktari Mukwege alipewa Nobeli ya Amani mwaka 2018 kwa kusimama upande wa wanawake walioumizwa sehemu hizo hizo tunazoogopa kuzitaja. Katika mji huu wako watu ambao hawatashtuka ukitamka neno mkojo. Na bwana yako mwambie. Utamhitaji amshike mtoto saa kumi na mbili asubuhi.

Utajuaje kwamba muda umefika? Mwaka 2019 wataalamu wa viungo wa Uingereza walitoa mwongozo ambao mimi naufuata: miezi mitatu ya kwanza bila kukimbia, kisha kati ya mwezi wa tatu na wa sita unaweza kuanza, mradi huna dalili kama zako. Kwa hiyo kalenda peke yake haitoshi. Jipime: tembea dakika 30, simama kwa mguu mmoja sekunde 10, chuchumaa kwa mguu mmoja mara 10, kimbia palepale ulipo dakika moja, ruka kwa mguu mmoja mara 10, kila upande. Mkojo usitoke, usisikie maumivu wala uzito. Kimoja kikishindikana, rudi kwenye mazoezi, ujaribu tena baada ya wiki mbili.

Ukifaulu, anza mahali tambarare. Najua, kwa Bukavu hilo ni ombi kubwa. Tafuta uwanja wa mpira wa shule, asubuhi kabla wanafunzi hawajaingia. Kimbia dakika moja, tembea mbili, mara nane, siku tatu kwa wiki. Barabara ya kushuka iwe ya mwisho kabisa kurudi, na mpaka wakati huo teremka kwa miguu polepole au kwa pikipiki ya motari. Mtoto asiwe mgongoni unapokimbia, shingo yake bado.

Mama mkwe msikilize kwa heshima, anampenda mjukuu. Lakini maziwa hayachachi. Mbio za kawaida haziyapunguzi wala haziyageuzi ladha. Nyonyesha kabla ya kutoka, maziwa yawe mepesi kifuani, uvae sidiria ya kubana. Kinachoweza kupunguza maziwa ni kukimbia ukiwa na njaa na kiu. Kunyonyesha peke yake kunadai chakula cha ziada, karibu kalori 500 kwa siku, kabla hujapiga hatua moja. Kunywa uji wa masoso, ule wa mahindi, soya na mtama, ukirudi. Kula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, nzima nzima, maharagi, lengalenga (mchicha) iliyokamuliwa ndimu, kwa sababu ulipoteza damu na chuma lazima kirudi. Chai isubiri saa moja baada ya chakula, inazuia chuma hicho. Hapa mimi ni mkali, maana nawaona wanawake wengi wanaolaumu miguu wakati wanachokosa ni damu.

Kuhusu Kigali: usikimbie. Ahadi uliyowapa wenzako waambie imesogea. Najua watakutajia Paula Radcliffe, mkimbiaji wa Uingereza, aliyejifungua Januari 2007 na kushinda maratoni ya New York Novemba ya mwaka huohuo. Ni kweli. Ila alianza kukimbia siku 12 baada ya kuzaa, na baadaye mwaka huohuo alipata ufa kwenye mfupa wa chini ya mgongo, akalazimika kusimama. Mimi napenda zaidi kumtazama Faith Kipyegon wa Kenya. Alikuwa na dhahabu ya Olimpiki ya Rio 2016 mkononi, akajifungua Juni 2018, na msimu wake wa mbio ukapita bila yeye. Mwaka 2019 alipata fedha Doha, 2021 dhahabu tena Tokyo, 2024 ya tatu Paris. Mwaka 2023 alivunja rekodi za dunia za mita 1500 na za maili, mtoto akiwa na miaka mitano hivi.

Nenda Kigali na wenzako, ukiwa na binti mgongoni, uwapokee kwa maji. Wewe lenga kilomita 5 kabla binti hajatimiza mwaka. Niandikie baada ya wiki sita, uniambie ile dakika moja ya kukimbia palepale imekwendaje, na uzito umepungua ama bado. Usifiche.

Yaya