Karatasi iliyoandikwa "saratani" tu haitoshi

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Mbeya. Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba karibu seli zote za mwili zina jeni zilezile, ila kila seli huwasha zake na kuzima nyingine. Nilikuwa nayasema hayo kama kasuku, mpaka dada yangu alipokuja kutoka Tukuyu na uvimbe kwenye titi.

Majirani walikuwa wamemtisha kwamba uvimbe ukiguswa na kisu unasambaa. Woga huo ulitupotezea miezi miwili. Usiukubali. Bila kupimwa kinyama, yaani kipande kidogo kinachochukuliwa kwenye uvimbe, daktari anabahatisha.

Majibu yalipotoka, hospitali tuliyokwenda ilitupa karatasi yenye jina la ugonjwa, saratani ya titi, na maneno mengine mawili matatu. Dada alikuwa tayari kurudi nyumbani. Mimi nikauliza: vipokezi je, zile protini za seli zinazopokea ishara kama za homoni? Havikuwa vimepimwa.

Hapo ndipo somo langu la darasani liliponifaa. Seli ya kawaida ikizeeka au ikiharibika hujiua yenyewe, kwa utaratibu. Ndivyo kiluwiluwi anavyopoteza mkia, na ndivyo vidole vya mtoto tumboni vinavyoachana. Jeni iitwayo p53 hukagua uharibifu, na ukizidi huwasha jeni nyingine zinazoimaliza seli. Katika saratani nyingi mlinzi huyo ameharibika. Kuna pia BCL2, ambayo protini yake huzuia kifo hicho. Katika baadhi ya saratani za matiti, homoni ya estrojeni ndiyo inayoiwasha BCL2 pamoja na jeni za kukua. Seli inalishwa na papo hapo inakatazwa kufa.

Kwa hiyo vipimo vitatu ndivyo vinavyoelekeza dawa: kipokezi cha estrojeni, cha projesteroni (homoni nyingine ya kike), na HER2, kipokezi kinachoihimiza seli kukua. Uvimbe wenye kipokezi cha estrojeni una dawa ya tamoksifeni, kidonge kinachokaa kwenye kipokezi na kuizuia homoni. HER2 ikizidi, ipo dawa ya trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Vyote vitatu vikikosekana, kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, ndiyo tegemeo kubwa, na aina hiyo inaonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika. Ndiyo maana sipendi kusikia "mpe tu vidonge alivyopewa fulani".

Tulirudi maabara. Bahati nzuri kinyama hakitupwi: hugandishwa ndani ya nta na kuhifadhiwa, kwa hiyo kiliweza kupimwa bila kumchoma dada tena. Uliza kipande hicho kiko wapi, na uandike namba yake. Kama ndiyo kwanza mnakwenda kuchukuliwa kinyama, ulizeni pia kama kitatiwa mara moja kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisiharibike. Kikikaa nje muda mrefu, kipimo cha vipokezi kinaweza kudanganya.

Dada alikutwa na kipokezi cha estrojeni.

"Kwa hiyo hicho kidonge hakiui, kinanyima chakula?" akaniuliza.

"Kinanyima, dada. Seli zikinyimwa, nyingine zinakumbuka kufa."

Baada ya upasuaji akaanzishiwa tamoksifeni, kwa kawaida miaka 5. Kinachomsumbua ni joto la ghafla. Ukilipata, mwambie daktari, usiache vidonge kimyakimya. Juni hii alinipigia usiku: "Mwalimu, Tukuyu nzima imejifunika mablanketi mawili, mimi nimefungua dirisha."