Moyo kwenda mbio usiku si upungufu wa imani

Dada yangu wa Uyole, umeuliza kama moyo wako kwenda mbio usiku, tangu ugonjwa wa ukungu ulipoteketeza viazi vyako na mkopo wa kikundi ukabaki, ni dalili ya kurukwa na akili au ya imani haba, kama jirani alivyokuambia. Si kimojawapo. Mwili ukihisi hatari humwaga homoni ya adrenalini, inayoharakisha moyo na pumzi ili mtu apigane au akimbie. Lakini deni halikimbiwi kwa miguu, kwa hiyo nguvu hiyo hubaki ikikutikisa kitandani. Vuta pumzi polepole, kisha uitoe kwa muda mrefu zaidi kuliko ulivyoivuta, kwa dakika 5 hivi.

Ninalokusihi zaidi ni kwamba usiache kwenda kwenye vikao vya kikundi. Kila unapovikwepa unapata nafuu ya siku moja, ila akili inajifunza kwamba kukwepa ndiko kulikokuokoa, na hofu ya kikao kinachofuata huwa kubwa zaidi. Nenda na mtu unayemwamini, ueleze hasara yako, uombe marejesho yapangwe upya.

Hali ikiendelea kukunyima usingizi, fika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, upimwe moyo na presha pia. Na ukipatwa na wazo la kujidhuru, nenda siku hiyohiyo.