Kabla Hujanunua Peugeot 404 Iliyolala Uani, Fungua Difu

Juma lililopita kijana mmoja wa Singida aliniandikia kwamba ameoneshwa Peugeot 404 iliyolala chini ya mwembe miaka mingi, na mwenye nayo yuko tayari kuiuza kwa bei ya chuma chakavu. Aliuliza kama ainunue au aiache. Nilishindwa kumjibu kwa sentensi moja, kwa sababu swali hilo nililijibu mwenyewe kwa pupa hapa Dodoma, na pupa hiyo ikaniulia difu, yaani gia za ekseli ya nyuma zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu.

Sote tunaoyatamani magari haya tunajua sababu. Lilichorwa na Pininfarina wa Italia, likaanza kuuzwa mwaka 1960, likashinda mbio za magari za Safari Rally mara 4: mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, na marehemu baba yangu alikuwa akilitaja jina hilo kana kwamba walisoma darasa moja.

La kwangu nililinunua Kondoa. Bodi lilikuwa zima, maana ukame wetu nao una fadhila zake. Magari ya Tanga huliwa na hewa ya chumvi hadi sakafu ikawa chekecheo. Injini ya sentimita za ujazo 1,618, iliyolazwa upande kwa nyuzi 45, iliwaka siku ya tatu baada ya kusafisha tangi na kabureta. Miezi ya kusaka raba za milango na vioo vya taa siisimulii.

Kisha nikalipeleka gereji likabadilishwe oili ya difu. Difu la 404 si kama la magari mengi: ndani yake skrubu ya chuma huzungusha gurudumu la meno lililotengenezwa kwa shaba nyeusi, ilhali oili nyingi za gia zinazouzwa leo zimetiwa kemikali za salfa ambazo, zikipata joto, huila shaba hiyo. Nilikuwa nimesikia fununu ya jambo hilo, nikamuuliza fundi. Alinijibu, "Mzee, oili ni oili," vijana wake wakacheka, nami nikanyamaza nisionekane mshamba. Baada ya miezi michache difu lilianza kulia mlimani, na tulipolifungua, oili ilimetameta chenga za rangi ya dhahabu. Fundi yule yule akaniambia niuache mkweche huo. Neno hilo bado linaniuma.

Nilipata ekseli ya 404 nyingine iliyokufa huko Mpwapwa, nikatia oili isiyo na salfa, na mwezi uliopita nilikwenda Kondoa na kurudi bila kufungua hata nati moja. Fundi yule aliniona nikipita Majengo. Nilipiga honi mara mbili.

Kwa hiyo, mwanangu, uliza kabla ya kununua, na ukishanunua uliza tena. Usione haya mbele ya fundi, kwa maana kijana anayeogopa kuchekwa atalipia kicheko hicho kwa fedha yake mwenyewe, na hili nalisema kwa wote mnaotaka gari la kale kwa ajili ya picha tu. Uliza, nakwambia. Nenda kwenye mwembe huo na kitambaa cheupe, fungua nati ya difu, chovya kidole, ukipanguse juani. Ukiona chenga zinang'aa, mwambie mwenye gari apunguze bei kwa kiasi cha gharama ya ekseli nzima, au muage kwa heshima.