Maswali ya Gari: Betri ya Pili Hii na Bado Asubuhi Gari Imekufa

Mwezi huu barua zimejaa na karibu zote ni za watu wa SUV, zile gari za kutoka Japani mtu ananunua ikiwa na miaka saba hivi kwa sababu sheria yetu inakubali isiyozidi 8, na karibu wote wanalia umeme. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu hapo ndo naona pesa ya watu ikiisha bure, na inaniuma.

*

"Fundi habari. Niko Kondele, Kisumu. SUV yangu ikilala usiku mmoja inawaka sawa, ikilala mbili inakuwa nzito, nikisafiri Nairobi na basi nikirudi baada ya siku tatu nne napata imekufa kabisa hata rimoti haifungui mlango. Nimeshanunua betri mbili mpya, altaneta ikabadilishwa, na sasa fundi anasema ni kompyuta ya gari ndo mbaya. Kompyuta bei yake sitaki hata kuandika hapa. Nifanye nini?"

Ndugu yangu wa Kondele, usinunue kompyuta. Gari yako inawaka vizuri ukiitumia kila siku, maana yake stata iko sawa na altaneta inachaji. Shida inatokea gari ikiwa imezimwa, kwa hivyo kuna kitu kinakunywa umeme usiku ukiwa umelala, na betri mpya itanyonywa vile vile kama ile ya zamani.

Gari yoyote ya siku hizi hata ikizimwa inakula kidogo, kwa sababu ya saa, alam, ile kompyuta inayosikiliza rimoti. Hiyo kawaida haifai kupita ampea 0.05, yaani miliampea 50. Kwa siku nzima hiyo ni kama 1.2 Ah tu (Ah ni ampea mara saa, ndo kipimo cha umeme betri inabeba), betri ya 60 Ah hata haisikii. Lakini kikipatikana kitu kinachokula nusu ampea, kwa saa 24 umepoteza 12 Ah, siku tatu ni 36, hapo zaidi ya nusu ya betri imeenda na stata haitazunguka. Angalia vile ulivyoandika, usiku mmoja sawa, wa pili nzito, wa nne kifo, hesabu inaingiana kabisa.

Sasa nikuulize, radio ya gari ni ile ilikuja nayo ama uliweka ya Android? Maana watu wengi hung'oa ile ya Japani, FM ya kule inaanzia 76 MHz na kuisha mapema kabla ya 108, na yetu ni 88 hadi 108 kwa hivyo steshini nyingi haishiki, wanaweka ya Android, na hapo ndo mambo huharibika. Radio inakuja na waya wa njano unaotaka umeme saa zote wa kuweka kumbukumbu, na waya mwekundu unaofaa kupata umeme ufunguo ukiwashwa tu. Fundi mwenye haraka akikosa kuona waya wa ufunguo anafunga njano na nyekundu pamoja, anazungushia tepu nyeusi, anakuonyesha video inacheza, mnaachana. Kioo kikizima unadhani radio imelala na kumbe ndani iko macho usiku kucha. Fungua hapo nyuma ya radio kwanza kabla ya kitu kingine, uone hizo waya mbili. Halafu angalia traka, alam ya kuongezewa, na kamera ya kurekodi barabara, zote zimegongewa umeme wapi.

Kama hapo ni pazuri, mwambie fundi wa waya afanye kipimo hiki na usikubali akitoa fyuzi moja moja akibahatisha. Afungue boneti na mlango mmoja, asukume ile loki ya mlango na bisibisi mpaka gari idhani mlango umefungwa, ufunguo wa rimoti upelekwe mbali huko ndani ya nyumba, halafu gari iachwe bila kuguswa nusu saa mpaka dakika arubaini, kwa sababu kompyuta zake hazilali mara moja na ukipima mapema utaona namba kubwa ya uongo. Ndo sasa achukue mita, aiweke kwa milivolti, aguse vile vidoti viwili vya chuma vilivyo juu ya mgongo wa kila fyuzi bila kuing'oa. Fyuzi ambayo haipitishi umeme itasoma sifuri. Inayosoma kitu, kuna mtu anakunywa hapo, fuata waya wa fyuzi hiyo utamkuta. Uzuri wa hii njia ni kwamba hauamshi gari, ukitoa fyuzi na kurudisha kompyuta zinaamka tena na kazi inaanza upya.

Kitu kingine nimeona hapo Kisumu na huku Nakuru pia, fundi anajaribu altaneta kwa kutoa terminali ya betri injini ikinguruma, akisema ikizima altaneta ni mbaya. Kataa, tafadhali. Betri ndo inatuliza umeme wa altaneta, ukiitoa ghafla volti zinaruka juu sana kwa muda mfupi na hapo ndo kompyuta huungua kweli. Altaneta inapimwa kwa mita juu ya betri, injini ikiwa inanguruma, ukiona kati ya 13.8 na 14.7 hapo kawaida iko sawa, ingawa magari mengine mapya hushusha chaji kwa makusudi betri ikijaa kwa hivyo washa taa na feni ndo uangalie tena.

Na joto la Kisumu nalo usilisahau, joto ndo adui mkubwa wa betri kuliko baridi, linaozesha sahani za ndani na kukausha maji pole pole. Watu hudhani betri imeharibiwa na baridi ya Molo kwa sababu huko ndo ilikataa, lakini iliumia kwa joto miezi yote hiyo, baridi ikaja kuonyesha tu.

*

"Nyumbani ni Lanet, Nakuru. Asubuhi nikistati taa zote zinawaka kwa dashibodi, ABS (ya breki zisijifunge), 4WD (ya magurudumu yote manne kuvuta), ya kuteleza, ya stering, na stering inakuwa ngumu kama ya trekta. Nikizima niwashe tena saa zingine zinapotea. Gereji wameweka mashine wakatoa makosa mengi wanataka kubadilisha sensa zote nne za ABS."

Dada (ama kaka, hukuandika jina), sensa nne haziharibiki asubuhi moja. Taa nyingi zikiwaka pamoja tafuta kitu ambacho hizo zote zinashiriki, na cha kwanza ni umeme wenyewe. Stering ya umeme inavuta ampea nyingi sana, volti zikishuka inakuwa ya kwanza kujitoa, na kompyuta zingine zikiona volti chini zinaandika makosa ambayo hayapo.

Pima betri asubuhi kabla haujafungua gari. 12.6 imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, chini ya 12 hiyo imeisha. Halafu mtu astati ukiangalia mita, ikizama chini ya 9.6 betri ni ya kutupwa. Ikiwa betri ni nzima, hamia kwa waya wa athi, ule mweusi unaotoka negativu kwenda kwa bodi na mwingine wa kwenda kwa injini. Weka waya mmoja wa mita kwa kichwa cha negativu chenyewe na mwingine kwa chuma cha injini, mtu astati, ukiona zaidi ya 0.5 V hapo umeme unapotelea njiani. Mara nyingi utakuta boliti imeshika kutu chini yake, au waya umekuwa wa kijani ndani ya ngozi. Sandipepa, kaza, jaribu tena. Gharama yake ni karibu bure.

Baada ya hapo inua kapeti, upande wa dereva na wa abiria. Kama kapeti limelowa ndo umepata. Maji huingia kwa bomba la ac likiziba, au mitaro ya ile paa ya kioo, au kwa kuoshwa ndani na presha, na chini hapo ndo plagi nyingi za waya zimepita. Sio kitu kidogo, Januari 2022 Nissan waliita yarudi kutengenezwa magari karibu 793,000 ya Rogue huko Marekani na Kanada, ya 2014 hadi 2016, kwa sababu maji na chumvi yalikuwa yanaingia kwa plagi ya waya pale miguuni mwa dereva, inaoza, na inaweza kushika moto. Hapa kwetu hakuna chumvi ya barafu lakini maji ni maji.

Na kama bado, fundi wako aulizwe swali moja, kama anajua kupima pini 6 na 14 za ile plagi ambapo mashine ya kusoma makosa huchomekwa. Betri ikiwa imetolewa, hapo kwa gari nyingi inafaa kusoma kama omu 60. Akipata 120, upande mmoja wa zile waya mbili ambazo kompyuta huongea nazo umekatika. Akikuangalia tu bila jibu, tafuta mwingine.

*

"Mimi ni mwalimu, Kakamega. Betri ya gari yangu ni kubwa na ni bei, gari iko na ile ya kuzima injini yenyewe ukisimama kwa taa za trafiki. Naweza weka ya saizi ya salun, nimefungia na mpira wa tyubu ikae?"

Mwalimu, hapana, kwa sababu mbili. Gari ya kuzimazima injini inastati mara nyingi kwa safari moja, betri ya kawaida haijatengenezewa hiyo kazi. Inataka ile inaandikwa EFB au AGM, angalia herufi juu ya betri iliyokuja na gari, kwa za Japani utaona kitu kama Q-85, nunua inayofanana. Kama huitaki hiyo kazi kabisa kuna swichi ya kuizima lakini kompyuta ya kuchaji bado inatarajia betri ya aina ile.

Ya pili ni huo mpira wa tyubu, na hapa naomba sana unisikize. Novemba 2023 Toyota waliita RAV4 kama milioni 1.85 huko Marekani, za 2013 hadi 2018, na sababu yenyewe ilikuwa hii hii unayouliza. Kuna betri za kubadilishia ambazo sehemu yao ya juu ni ndogo kuliko zingine, kishikio kisipokazwa vizuri betri inasogea gari ikikata kona kwa nguvu, kichwa cha pozitivu kinagusa kishikio cha chuma, moto. Sasa fikiria barabara ya kwenda shagz yenye mashimo na betri imefungwa na mpira. Kishikio chake halisi kinapatikana kwa wauza spea za mitumba, na kifuniko chekundu cha pozitivu kirudishwe, watu hukitupa.

*

"Fyuzi ya taa za nyuma inaungua kila wiki, ilikuwa ya 10 fundi akaweka 30 sasa haiungui lakini kuna harufu. Bungoma."

Toa hiyo 30 leo, kabla haujaendesha tena. Fyuzi inalinda waya, sio taa, ukiweka kubwa waya ndo unakuwa fyuzi na harufu unayosikia ni plastiki yake ikiyeyuka. Rudisha nyekundu ya 10.

Kwa SUV mahali pa kwanza kuangalia ni mlango wa nyuma. Ufungue mpaka juu, karibu na bawaba utaona bomba la mpira limekunjwakunjwa linaingia kwa paa. Livute litoke taratibu upande mmoja. Ndani kuna waya kama kumi hivi, na kila ukifungua mlango zinapindwa, miaka ikienda ngozi inapasuka, shaba inatoka nje na inagusa bodi. Ukiona pia waipa ya nyuma, kamera ya rivasi au taa ya namba inacheza cheza, usitafute kwingine. Zikatwe mahali zimechoka ziunganishwe na kipande cha waya laini cha unene ule ule, kwa risasi ya kuyeyushwa na mpira wa kubana kwa moto, sio kusokota na tepu.

*

"Nilipita kwa maji pale Ahero wakati wa mafuriko, gari ikazima katikati. Imekaa siku mbili imekauka. Nistati?"

Usistati, mama. Kwanza negativu ya betri itolewe. Plagi za kuwasha moto kwa injini zitolewe, au nozeli kama ni dizeli, injini izungushwe kwa mkono, kama kuna maji ndani na ukipiga stata utapinda mikono ya pistoni na hapo injini imeenda. Mafuta ya injini na ya giaboksi yaangaliwe, yakiwa kama chai ya maziwa yamwagwe. Kapeti na viti vitolewe, kila plagi ya waya iliyo chini ifunguliwe ikaushwe ipulizwe dawa ya kusafisha umeme. Kukauka kwa nje hakusemi chochote, maji ya mto Nyando huacha tope ndani ya plagi na linaendelea kula shaba.

*

"Tunahifadhi mahindi karibu na pale gari inalala, Njoro. Panya wamekula waya za injini mara ya pili. Dawa ni gani?"

Hamisha gari mbali na mahindi, au mahindi mbali na gari, sijaona dawa ya kupuliza inayoshinda hiyo. Usiku acha boneti wazi kama ni ndani ya kiwanja chako, panya hupenda giza na joto. Sumu usiweke ndani ya injini, atafia kwa bomba la ac na utaendesha na harufu. Waya zikitengenezwa zivalishwe bomba gumu la plastiki, na kila asubuhi kabla ya kustati angalia juu ya kifuniko cha injini kama kuna maganda ya mahindi.