Maswali ya Wasomaji: Marekani Iliingiaje Vietnam, na Iliondokaje?

SWALI: Marekani haikutangaza vita Vietnam. Ilifikaje kuwa na zaidi ya nusu milioni ya wanajeshi huko?

JIBU: Badala ya tangazo la vita kulikuwa na Azimio la Ghuba ya Tonkin, lililomruhusu rais wa Marekani kutumia nguvu za kijeshi katika eneo hilo. Bunge la Marekani lilipitisha azimio hilo tarehe 7 Agosti 1964: Baraza la Wawakilishi kwa kura 416 bila hata moja ya kupinga, Seneti kwa kura 88 dhidi ya 2. Halikuweka ukomo wa muda wala wa idadi ya askari. Tena, moja ya mashambulizi mawili ya Vietnam Kaskazini dhidi ya meli za kivita za Marekani yaliyotajwa kama sababu, lile la 4 Agosti, halikutokea.

Washauri wa kijeshi wa Marekani, waliolisaidia jeshi la Vietnam Kusini dhidi ya wakomunisti wa Kaskazini, walikuwa wameshafika kama 16,000 mwishoni mwa 1963. Machi 1965 mabomu yakaanza kudondoshwa Kaskazini mfululizo, na baadhi ya ndege ziliruka kutoka uwanja wa Da Nang, Vietnam Kusini. Uwanja ule ulihitaji walinzi, kwa hiyo tarehe 8 Machi wakashuka wanamaji wapatao 3,500, kazi yao ikiwa ulinzi tu. Mwezi uliofuata waliruhusiwa kutoka na kumsaka adui. Kuanzia hapo kila kambi ilidai bandari, barabara na maghala, navyo vikadai walinzi wengine. Mwisho wa mwaka wanajeshi wa Marekani walikuwa 184,000, na Aprili 1969 wakafikia 543,000, wengi wao wakiwa wa huduma na ugavi. Askari wa kawaida alikaa mwaka mmoja tu, hivyo alipoizoea ardhi ile, muda wake wa kurudi nyumbani ulikuwa umefika. Kwa maoni yetu hilo liliwaumiza sana vijana wenyewe.

SWALI: Mbona Vietnam Kusini ilianguka upesi ilhali iliachiwa silaha tele?

JIBU: Silaha zilikuwepo, lakini jeshi lile lilifundishwa kupigana kwa helikopta na mizinga mingi, vitu vinavyokula mafuta, vipuri na makombora kila siku. Bei ya mafuta ilipanda vikali mwishoni mwa 1973, na msaada wa kijeshi wa mwaka wa fedha 1975 ukashushwa hadi dola milioni 700. Ndege zikalala chini, mizinga ikapigiwa hesabu ya makombora. Bunge la Marekani pia lilikuwa limepiga marufuku mapigano ya Wamarekani katika eneo hilo kuanzia 15 Agosti 1973.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa ndani ya Mkataba wa Paris wa 27 Januari 1973, uliokusudiwa kumaliza vita. Wamarekani walipewa siku 60 kuondoka, lakini askari wa Kaskazini waliokuwa tayari Kusini hawakutakiwa kurudi kwao. Machi 1975, mji wa Ban Me Thuot katika nyanda za juu ulipotekwa na Kaskazini, Rais Thieu wa Vietnam Kusini aliamuru jeshi lake liondoke nyanda hizo kwa barabara namba 7B, iliyokuwa imetelekezwa na yenye madaraja mabovu. Askari walisafiri na familia zao chini ya mashambulizi, vikosi vikasambaratika njiani. Saigon, mji mkuu wa Kusini, ikaanguka 30 Aprili.

SWALI: Wafungwa wa Kimarekani walirudishwaje?

JIBU: Kwa mafungu, sambamba na majeshi kuondoka. Kundi la kwanza liliruka kutoka Hanoi, mji mkuu wa Kaskazini, tarehe 12 Februari 1973. Ulipozuka mvutano mwishoni mwa mwezi huo, Marekani ilisimamisha uondoaji wa askari wake mpaka orodha ya kundi lililofuata ilipotolewa. Jumla walirudi 591.